Kuchagua Vifaa vya Kujengea Baraza

Katika masomo yaliyopita mlijifunza kwamba vitu hutofautiana kwa sifa zake. Vingine ni vigumu na vingine ni laini. Vingine hunyonya maji na vingine havinyonyi. Vingine hupitisha joto upesi na vingine hulipitisha polepole. Katika somo hili mtajifunza namna ya kuzitumia sifa hizo mnapochagua kifaa cha ujenzi. Mfano wetu ni sehemu ya nyumba ambayo wengi wenu mnaifahamu, nayo ni baraza.

1. Baraza na kazi zake

Nyumba nyingi za zamani katika Jiji la Dar es Salaam zimejengwa kwa mpango wa nyumba ya Kiswahili. Katikati ya nyumba kuna ukumbi mrefu. Vyumba hupangwa kulia na kushoto kwa ukumbi, na ua huwa nyuma. Mbele ya nyumba, chini ya upenu wa paa, kuna baraza. Hapo wageni hukaribishwa, wazee hucheza bao, watoto hufanya kazi za shule, na akina mama hufanya biashara ndogondogo.

Mabaraza hayajengwi kwa kitu kimoja kila mahali. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar mengi yalijengwa kwa mawe na chokaa. Vijijini mengi hujengwa kwa udongo ulioshindiliwa. Mijini siku hizi watu hutumia zege, mbao au vigae. Je, kipi kati ya vitu hivyo kinafaa zaidi? Ili kulijibu swali hili, someni kwanza habari ifuatayo.

2. Baraza lililovunjika

Katika mtaa mmoja wa Buguruni, wilayani Ilala, aliishi bibi mmoja pamoja na mwanawe na wajukuu wawili. Kila alfajiri bibi alikaa barazani na jiko lake la mkaa, akipika vitumbua. Watu waliokwenda kazini walivinunua njiani. Fedha alizopata zilinunua madaftari na sare za wajukuu.

Mahali hapo ardhi ni ya bondeni, na wakati wa masika maji hutuama mbele ya nyumba. Kwa sababu hiyo baba wa watoto hao alijenga baraza la mbao lililoinuka sentimeta 40 kutoka ardhini. Alinunua mbao laini za bei nafuu. Alizichimbia nguzo moja kwa moja katika udongo, kisha akapaka rangi ya kijani juu ya mbao. Baraza lilipendeza sana, na majirani walilisifu.

Katika mwaka wa tatu, mwanzoni mwa masika, ubao mmoja ulivunjika ghafla chini ya mguu wa bibi. Bibi alianguka na kuteguka kifundo cha mguu. Jiko lilipinduka, na mafuta ya moto yakamwagika mahali ambapo mjukuu mdogo alikuwa ameketi muda mfupi uliopita. Makaa yalianza kuunguza mbao, lakini jirani aliyazima kwa mchanga. Kwa wiki tatu bibi hakuweza kufanya biashara yake.

Baba alimwita fundi seremala mzee alalitazame baraza. Mjukuu mkubwa, aliyekuwa darasa la tano, alimkaribisha.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ulidhani baraza hili ni zima?"

"Ndiyo, babu. Rangi yake bado ni nzuri."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hebu inama utazame chini yake."

Mtoto aliinama. Juu mbao zilionekana nzima, lakini upande wa chini zilikuwa tupu, zimebaki kama karatasi. Njia nyembamba za udongo zilipanda kutoka ardhini hadi katika mbao. Fundi alichukua msumari akausukuma kwa kidole katika nguzo. Msumari uliingia bila kugongwa kwa nyundo.

"Hii ni kazi ya mchwa na maji," alisema fundi. Kisha akamgeukia baba. "Mwanangu, usinunue kitu chochote kwanza. Jiulize baraza hili linafanya kazi gani, na linapambana na nini. Ukishapata majibu, ndipo uende dukani."

3. Mambo yanayoharibu baraza

Tuyafikirie mambo ambayo baraza la Buguruni hupambana nayo.

(a) *Maji.* Dar es Salaam hupata mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, na mvua za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mvua nyingine huwa kubwa mno. Mnamo Desemba 2011 Mto Msimbazi ulifurika, na watu wengi wa Dar es Salaam walipoteza makazi, na wengine maisha yao. Maji humomonyoa udongo, huozesha mbao na huifanya sakafu iteleze.

(b) *Viumbe hai.* Mchwa hula mbao. Hawapendi mwanga, ndiyo maana hupita katika vijia vya udongo na kuula ubao kutoka ndani. Kuvu nazo huota katika mbao zenye unyevu na kuziozesha. Ubao ambao maji yake hayafiki moja ya tano ya uzito wake mkavu hauozi kwa kuvu. Kwa hiyo kuulinda ubao usilowe ni kuulinda usioze.

(c) *Jua.* Joto hutanua vitu, na vitu hivyo vikipoa husinyaa. Ubao unaolowa asubuhi na kuanikwa juani mchana hupinda na kupasuka.

(d) *Uzito.* Baraza lazima libebe watu wote wanaokaa juu yake, pamoja na mizigo yao.

(e) *Moto.* Barazani mara nyingi pana jiko la mkaa. Mbao huungua. Mawe, zege na vigae haviungui.

4. Majaribio

Fanyeni majaribio haya kwa vikundi. Vipande vya mbao vinaweza kupatikana kwa maseremala, ambao mara nyingi hubakiza vipande vidogo. Vipande vya zege, matofali na vigae vinaweza kuokotwa mahali palipokwisha kujengwa. Ombeni ruhusa kwanza.

*Jaribio la kwanza: Kitu gani hunyonya maji mengi?*

Mahitaji: kipande cha ubao laini, kipande cha ubao mgumu, tofali bichi la udongo, tofali la kuchoma, kipande cha zege, ndoo mbili za maji, mizani.

Njia: Anikeni vipande vyote juani kwa siku mbili. Pimeni uzito wa kila kipande na kuuandika. Litumbukizeni tofali bichi katika ndoo ya peke yake, na vipande vingine katika ndoo ya pili. Wekeni jiwe juu ya vipande vya mbao ili visielee. Baada ya siku moja vitoeni, vifuteni kwa kitambaa, mkavipime tena.

Hesabu: Tuseme kipande cha tofali la kuchoma kilikuwa na gramu 400 kilipokuwa kikavu, na gramu 460 baada ya kuloweshwa. Kimenyonya gramu 60 za maji. Gramu 60 ni asilimia 15 ya gramu 400. Fanyeni hesabu kama hiyo kwa kila kipande.

Mtakayoyaona: Tofali bichi humomonyoka likawa tope, wala haliwezi kupimwa tena. Tofali la kuchoma hutoa viputo vya hewa, kwa sababu maji huingia katika vitundu vyake na kuisukuma hewa nje. Ubao laini hunyonya maji mengi kuliko ubao mgumu. Zege lililotengenezwa vizuri hunyonya kidogo.

*Jaribio la pili: Mchwa hupenda kula nini?*

Mahitaji: vijiti viwili vya ubao laini, viwili vya ubao mgumu, na vipande viwili virefu vya zege.

Njia: Chagueni mahali penye kivuli katika uwanja wa shule. Fukieni nusu ya kila kipande ardhini, vikiwa vimeachana kwa urefu wa hatua moja. Baada ya kila wiki mbili fukueni, tazameni, kisha rudisheni mahali pake. Endeleeni kwa wiki kumi na mbili. Andikeni tarehe na yale mliyoyaona.

Mtakayoyaona: Mahali penye mchwa, ubao laini ndio unaoliwa kwanza. Sehemu iliyofukiwa huharibika kabla ya sehemu iliyo juu. Zege haliliwi. Ikiwa vijiti vyenu havikuguswa, msikate tamaa. Huenda hapo hapana mchwa. Jaribuni mahali pengine.

*Jaribio la tatu: Sakafu gani huteleza?*

Mahitaji: kigae cha sakafu chenye uso unaong'aa, kipande cha zege lenye uso wa mparuzo, kipande cha ubao, kandambili moja, jiwe dogo, rula, maji.

Njia: Lazeni kigae juu ya meza. Wekeni kandambili juu yake, na jiwe juu ya kandambili. Inueni upande mmoja wa kigae polepole mpaka kandambili ianze kuteleza. Mmoja wenu apime kimo cha upande huo ulioinuliwa. Rudieni jaribio baada ya kumwagia kigae maji. Kisha fanyeni hivyo hivyo kwa ubao na kwa zege. Vipande vyote viwe na urefu mmoja, ama sivyo jaribio halitakuwa la haki.

Mtakayoyaona: Kadiri kimo kinavyokuwa kikubwa, ndivyo msuguano ulivyo mkubwa. Zege la mparuzo huhitaji kuinuliwa juu zaidi hata likiwa limelowa. Kigae kinachong'aa, kikiwa na maji, huachia kandambili mapema.

5. Sifa za vifaa

*Udongo.* Udongo hupatikana karibu, hauungui na gharama yake ni ndogo. Hufaa mahali palipo juu na penye paa pana. Mahali pa bondeni udongo humomonyoka kila masika.

*Mbao laini.* Miti ya msonobari, ambayo wauza mbao huiita paini, hukua upesi. Mingi imepandwa katika msitu wa Sao Hill, wilayani Mufindi. Mbao zake ni nyepesi na hukatika kwa urahisi, lakini mchwa huzila upesi zisipotiwa dawa. Mbao zilizotiwa dawa kiwandani hudumu zaidi. Vipande vya mbao hizo visitumiwe kuwa kuni, kwa maana moshi na majivu yake yana sumu.

*Mbao ngumu.* Mninga, mvule na msaji ni miti ya mbao imara. Mninga huota katika misitu ya miombo, kama ile ya Tabora. Ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mbao za kiini chake hazipendwi na mchwa, na hazipindi sana zikilowa na kukauka. Lakini sehemu nyeupe iliyo karibu na gome huliwa kama ubao laini. Mninga huchukua miaka mingi kukua na bei yake ni kubwa, kwa hiyo hatuna budi kuutumia kwa uangalifu.

*Mawe na chokaa.* Wajenzi wa pwani walitumia mawe ya matumbawe na chokaa kwa karne nyingi. Magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyowekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yanatupa ushahidi. Kuta nyingi za mawe zingali zimesimama.

*Zege.* Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo katika tanuri lenye joto la nyuzi za Sentigredi 1,450 hivi, kisha kuyasaga pamoja na jasi kidogo. Kiwanda cha Wazo Hill, kaskazini mwa Dar es Salaam, kilianza kutoa saruji mwaka 1966. Zege haliliwi na mchwa, haliungui, na hubeba uzito mkubwa. Ubaya wake ni kwamba hupasuka ikiwa ardhi iliyo chini yake haikushindiliwa.

Watu wengi hudhani kwamba zege huwa gumu kwa sababu limekauka. Sivyo. Saruji huungana na maji na kufanya kitu kipya kilicho kigumu. Likikauka mapema mno, muungano huo hukatika na zege huwa dhaifu. Ndiyo sababu fundi hodari hulimwagilia zege maji kwa siku saba au zaidi.

*Vigae.* Vigae husafishika kwa urahisi na huvutia macho. Lakini vigae vinavyong'aa huteleza vikilowa, kama mlivyoona katika jaribio la tatu. Sakafu ya saruji iliyopigwa niru nayo huteleza.

6. Uamuzi wa familia

Mjukuu aliyapeleka matokeo ya majaribio nyumbani, akamsomea baba yake mbele ya bibi na fundi. Baba alikuwa amevutiwa na vigae alivyoviona katika duka moja la Kariakoo.

"Baba, vigae vile vinateleza vikilowa," alisema mtoto. "Na bibi bado anatembelea fimbo."

Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tujenge tena kwa mbao laini. Zege ni ghali."

Fundi aliomba kalamu na daftari. Aliandika hesabu ifuatayo, ambayo bei zake ni za mfano tu:

Baraza la mbao laini: shilingi 90,000. Limedumu miaka 3. Gharama ya mwaka mmoja ni shilingi 30,000.

Baraza la zege: shilingi 300,000. Likidumu miaka 20, gharama ya mwaka mmoja ni shilingi 15,000.

"Kilicho rahisi leo kinaweza kuwa ghali kesho," alisema fundi. "Tena hapa sijahesabu wiki tatu ambazo mama hakuuza vitumbua."

Baba alikubali. Fedha hazikutosha kwa mara moja, hivyo walinunua saruji mfuko mmoja mmoja na kuihifadhi ndani, juu ya mbao, ili isipate unyevu. Kabla ya mvua za vuli kazi ilianza. Walijaza kifusi cha mawe na kukishindilia. Walichanganya ndoo 1 ya saruji, ndoo 2 za mchanga na ndoo 4 za kokoto. Walitumia mchanga usio na chumvi, wala hawakutia maji mengi, kwa sababu maji yakizidi zege hupungua nguvu.

Upana wa baraza ulikuwa sentimeta 150. Walilijenga ukingo wa mbele uwe chini kwa sentimeta 3 kuliko upande wa ukutani, ili maji yateremke. Kabla zege halijawa gumu, fundi aliuparuza uso wake kwa ufagio ili usiteleze. Waliacha pia nafasi ya mfereji wa maji ya mvua. Kama wangeuziba, maji yangehamia katika nyumba ya jirani.

Bibi aliomba jambo moja. "Zege ni baridi asubuhi, na magoti yangu ni ya kizee. Nitengenezeeni kiti cha ubao." Fundi alitengeneza benchi la mninga. Miguu yake ilisimama juu ya zege, mbali na udongo, na paa lililikinga na mvua. Ubao hupitisha joto polepole kuliko zege, na kwa hiyo mtu akiukalia hahisi baridi sana. Ubao ulipata kazi inayoufaa, mahali panapoufaa.

Masika yaliyofuata maji yalituama tena mbele ya nyumba. Bibi alikuwa barazani kwake, akipika vitumbua.

7. Mambo ya kukumbuka

1. Hakuna kifaa kilicho bora kwa kila kazi. Kifaa bora ni kile ambacho sifa zake zinaifaa kazi yake na mahali pake.

2. Uzuri wa juu hauonyeshi uimara wa ndani. Kitu hupimwa kwa majaribio.

3. Mbao zisigusane na udongo. Nguzo ya mbao ikae juu ya jiwe au zege.

4. Gharama ya kitu ihesabiwe pamoja na miaka kitakayodumu.

5. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kaguweni mabaraza yenu, hasa upande wa chini, kabla ya masika.

8. Mazoezi

1. Taja mambo matano yanayoweza kuharibu baraza.

2. Kwa nini mjukuu alidhani kwamba baraza la mbao lilikuwa zima?

3. Kipande cha ubao kikavu kina gramu 250. Baada ya kuloweshwa kina gramu 325. Kimenyonya maji asilimia ngapi ya uzito wake mkavu?

4. Baraza lina urefu wa meta 3, upana wa meta 1.5, na unene wa zege wa meta 0.1. Tafuta ujazo wa zege linalohitajika.

5. Eleza kwa nini zege jipya humwagiliwa maji.

6. Rafiki yako anaishi mahali palipo juu, penye udongo mkavu na paa pana. Ana fedha kidogo. Ungemshauri ajenge baraza kwa kifaa gani? Toa sababu mbili.

7. Kazi ya nyumbani: Lichunguze baraza la nyumba yenu au la jirani. Limejengwa kwa nini? Maji hupita wapi mvua inaponyesha? Je, kuna vijia vya mchwa? Andika uliyoyaona, na umweleze mzazi wako kama pana jambo la kutengeneza.